Kumtumia Cao Cao katika Total War: Three Kingdoms: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kila mtu mpya anapofungua gemu hii ya mkakati, inayohusu vita vya wababe wa China ya kale, na kumchagua Cao Cao, na mengi huulizwa baada ya jeshi la kwanza kusambaratika. Msimamo wangu utauona katika karibu kila jibu: huyu ni jemadari wa ghala, wa barua na wa kuteua watu. Upanga anao, lakini anayemtumia kwa upanga peke yake hafiki mbali.

Cao Cao ni nani hasa?

Alizaliwa mwaka 155 huko Qiao, eneo ambalo leo ni mji wa Bozhou katika mkoa wa Anhui, mashariki mwa China. Baba yake, Cao Song, alilelewa kama mtoto wa Cao Teng, towashi mwenye nguvu katika ikulu ya nasaba ya Han, na baadaye akajinunulia cheo cha juu kabisa serikalini kwa sarafu milioni 100. Machoni pa koo kongwe hilo lilikuwa doa. Mali ilikuwepo nyumbani kwao, lakini heshima ilibidi itafutwe, na Cao Cao aliitafuta mapema. Akiwa kijana wa miaka ishirini hivi alipewa usimamizi wa usalama katika wilaya ya kaskazini ya Luoyang, mji mkuu. Alitundika marungu ya rangi mbalimbali kwenye malango, akatangaza kwamba atakayevunja amri ya kutotembea usiku atapigwa nayo bila kujali ni nani. Aliyekamatwa alikuwa ami wa Jian Shuo, towashi aliyekuwa kipenzi cha kaizari. Alipigwa hadi akafa.

Mwaka 184 wakulima waliojifunga vilemba vya njano waliasi, naye akapigana upande wa serikali. Mwaka 189 jemadari Dong Zhuo aliingia Luoyang na majeshi yake, akamng'oa kaizari aliyekuwepo na kumweka mtoto mdogo, Kaizari Xian. Cao Cao alitoroka mjini, akaenda Chenliu na kukusanya watu 5,000. Mwaka uliofuata, 190, wababe wa mashariki waliungana dhidi ya Dong Zhuo, na hapo ndipo kampeni kuu ya gemu inapoanzia: yeye ana miaka 35, ana jeshi dogo, na amezungukwa na majirani wenye ardhi kubwa kuliko yake.

Xu Shao, mtu aliyesifika zama hizo kwa kupima tabia za watu, alisema kwamba wakati wa amani Cao Cao angekuwa mtumishi hodari wa dola, na wakati wa vurugu angekuwa shujaa mwenye hila. Waliotengeneza gemu, Creative Assembly wa Uingereza, naona wameijenga sura yake yote juu ya nusu ya pili ya maneno hayo.

Majina haya yanatamkwaje?

Cao Cao ni kama "Tsau Tsau". Xiahou Dun ni "Shyahou Dun", Dong Zhuo ni "Dong Juo", Lü Bu ni "Lyu Bu". Jina la ukoo hutangulia, kwa hiyo Cao Cao, Cao Ren, Cao Hong na Cao Pi wote ni wa ukoo wa Cao. Ukilijua hilo unaokoa muda mwingi, kwa sababu orodha ya majemadari wake imejaa ndugu.

Inahitaji kompyuta ya namna gani?

Gemu ilitoka tarehe 23 Mei 2019 kupitia Sega, kwa kompyuta za Windows, na Feral Interactive wakaileta kwenye Mac na Linux. Inataka nafasi ya GB 60 kwenye diski, na kwa raha ya kweli RAM ya GB 8 na kadi ya picha iliyo tofauti na ile ya ndani. Kwenye laptopu ya kawaida ya ofisini itawaka, lakini ukishusha ubora wa picha na ukubwa wa vikosi. Kuhusu GB 60 hizo: kama unategemea bando la simu, tafuta mahali penye waya wa nyuzi au rafiki mwenye intaneti isiyo na kikomo, ushushe mara moja. Hakuna Kiswahili ndani yake, na maandishi ni mengi.

Nichague Romance au Records?

Kabla kampeni haijaanza unaulizwa swali hili, na jibu lako linabadilisha vita vyote.

Romance inafuata riwaya ya Luo Guanzhong, ile iliyoandikwa zaidi ya miaka elfu moja baada ya matukio yenyewe. Humo jemadari mmoja anaweza kuingia katikati ya askari mia na kuwatawanya, na majemadari wa pande mbili wanaweza kupigana ana kwa ana huku majeshi yakiendelea kuchinjana pembeni. Records inafuata historia aliyoiandika Chen Shou katika karne ya tatu. Humo jemadari ni binadamu: anatembea na walinzi wake wapanda farasi, anachoka, na mshale mmoja unatosha.

Kwa wapiganaji mashuhuri kama Lü Bu au Guan Yu ningekuambia chukua Romance bila kufikiri. Kwa Cao Cao nasema Records, na nasema kwa moyo wote. Nguvu zake za kweli hazipungui hata kidogo ukizima miujiza, wakati wapinzani wake wakubwa wanapungua sana. Lü Bu wa Romance ni janga linalotembea. Lü Bu wa Records ni kikosi kimoja kizuri cha farasi kinachoweza kuzingirwa na mikuki.

Ana uwezo gani ambao wengine hawana?

Kila mbabe katika gemu ana jambo lake. Sun Jian ana ushujaa, Yuan Shao ana jina la ukoo, Liu Bei anazichukua ardhi za Han kwa upole. Cao Cao ana kitu kinachoitwa Credibility. Hapa nitakiita itibari. Unaitumia itibari hiyo kuchezea uhusiano wa watu wengine: unawafanya majirani wawili wapendane zaidi au wachukiane zaidi, na chuki ikikomaa unaweza kuwachochea wapigane vita ambavyo wewe humo.

Waswahili walishasema vita vya panzi furaha ya kunguru, na sijui maelezo bora zaidi ya mfumo huu. Chukua mfano wa kawaida wa zamu za mwanzo. Kaskazini yako yuko Yuan Shao, kusini yuko Yuan Shu. Ni watu wa ukoo mmoja, na katika historia walichukiana kweli. Ukiwachochea, wote wawili wanageuza majeshi yao mbali na mpaka wako. Wewe unapata miaka miwili mitatu ya kujenga mashamba. Mmoja akishinda, atakuwa amechoka na hazina yake imekauka. Mmoja akishindwa, miji yake iko wazi bila walinzi. Lango liko wazi, wewe unaingia tu.

Kosa la wengi ni kuimwaga itibari yote kwa jirani mdogo ambaye ungemmaliza mwenyewe kwa jeshi moja. Iweke kwa wakubwa. Na kabla hujachochea, angalia mikataba: ukimchochea mtu apigane na mshirika wako wa kijeshi, utaitwa vitani upande usioutaka.

Nianzeje zamu za kwanza?

Mwaka mmoja katika gemu hii ni zamu tano: masika, kiangazi, mavuno, vuli na baridi kali. Kila zamu ya tano unapata mageuzi mapya kwenye ule mti unaochanua maua. Mageuzi yako ya mwanzo yaende kwenye kilimo na utawala, hata kama macho yanavutwa na askari.

Mwache Dong Zhuo aliyeko magharibi, usimfuate. Ndiyo, uko kwenye muungano dhidi yake, na ndiyo, ndiye mwovu wa sura hii. Lakini katika historia Cao Cao alimfuata karibu peke yake mwaka 190, akakutana na jemadari Xu Rong karibu na Xingyang, akapigwa vibaya na farasi wake akajeruhiwa. Aliokoka kwa sababu binamu yake Cao Hong alishuka kwenye farasi wake mwenyewe na kumpa. Wenzake wa muungano walikuwa kambini wakila na kunywa. Waache wao wapigane na Dong Zhuo safari hii.

Wewe jipatie kwanza wilaya zinazolimwa. Kila wilaya ina mji mkuu mmoja na makazi madogo ya uzalishaji. Chukua mashamba kabla ya machimbo. Mabaki ya Vilemba vya Njano na miji isiyo na mbabe, iliyobaki chini ya Han, ndiyo chakula chako cha miaka mitatu ya mwanzo. Funga mikataba ya biashara na kutoshambuliana na yeyote atakayekubali. Chakula kikizidi, kiuze kwa njia ya diplomasia: wababe wa kompyuta wenye njaa hulipa vizuri sana, zamu baada ya zamu, na hiyo ndiyo mishahara ya jeshi lako la pili.

Wazo hili la kilimo kwanza ni lake mwenyewe. Mwaka 196, baada ya miaka ya njaa iliyowafanya hata askari wa wababe wengine kula kome na matunda ya forosadi, alianzisha mashamba ya dola karibu na mji wa Xu. Wakimbizi na askari waliosalimu amri walipewa ardhi iliyoachwa, na mavuno wakagawana na serikali. Maandishi ya zamani yanataja mamilioni ya vipimo vya nafaka vilivyopatikana. Naamini hilo lilimpa ushindi zaidi kuliko vita yoyote aliyopigana.

Je, Cao Cao apigane ana kwa ana?

Hapana. Ni wa aina ya Commander, ambaye kazi yake ni kuwatia moyo askari walio karibu naye. Mwache nyuma kidogo ya mstari, mahali ambapo mduara wa ari yake unawafikia wengi. Ukiwa umechagua Romance, akiitwa kwenye pambano na Lü Bu, Guan Yu au Zhang Fei, kataa. Aibu ya kukataa ni ndogo kuliko kampeni isiyo na Cao Cao.

Wa kupigana ni Xiahou Dun, binamu wa ukoo, aliyepoteza jicho kwa mshale alipopambana na majeshi ya Lü Bu. Yeye ni Vanguard, aina inayovunja makundi ya askari, lakini hata yeye si chaguo la kwanza dhidi ya bingwa wa mapambano. Kwa hilo tafuta jemadari wa aina ya Champion.

Jeshi lake zuri ni lipi?

Jeshi moja linachukua majemadari watatu, kila mmoja na vikosi vyake sita. Mchanganyiko ninaoupenda ni Cao Cao mwenyewe na wapanda farasi wa panga, Sentinel mmoja na askari wa panga wa kushikilia mstari, na Strategist mmoja na wapiga mishale pamoja na mitambo ya kurusha mawe. Strategist pia ndiye anayekufungulia mipangilio ya kivita, na jeshi lisilo na mipangilio hiyo hupigwa na farasi kirahisi.

Baadaye utaweza kupata kikosi chake cha pekee, wapanda farasi wa Simbamarara na Chui. Kilikuwepo kweli. Kiliongozwa na Cao Chun, mdogo wake Cao Ren, na askari wake walichujwa mmoja mmoja kutoka vikosi vingine. Mwaka 208 Cao Cao alichukua wapanda farasi 5,000 bora wakamfukuza Liu Bei, wakakimbia zaidi ya *li* 300 (kipimo cha Kichina cha umbali, chini kidogo ya nusu kilomita) kwa mchana mmoja na usiku wake, wakamkuta Changban. Kile kikosi kizito kinachelewa kufunguka na mshahara wake unauma. Viwili vinatosha. Vizungushe nyuma ya wapiga mishale wa adui, uvitoe, uvirudishe. Ukiviacha visimame katikati ya mikuki umetupa fedha.

Mbona jeshi langu linayeyuka nikiingia ardhi ya adui?

Kwa sababu kila jeshi lina akiba ya chakula cha safari, tofauti na chakula cha dola nzima. Kwenye ardhi yako hujaa, kwenye ardhi ya adui hupungua kila zamu. Ikikaribia sifuri ari inashuka, ikiisha askari wanaanza kupungua. Ingia ukijua unakwenda kuchukua mji gani, uchukue, upumzike humo, ndipo uendelee. Na kompyuta nayo inabanwa na sheria hiyohiyo: jeshi kubwa la adui lililokaa kwako muda mrefu lina njaa, kwa hiyo usilikimbilie. Adui mwombee njaa.

Hapa inafaa nisimulie Guandu, maana ndiyo vita inayofundisha kipengele hiki kuliko maelekezo yote ya gemu. Mwaka 200 Yuan Shao alishuka kutoka kaskazini na jeshi ambalo maandishi yanalitaja kuwa la askari wa miguu 100,000 na farasi 10,000. Cao Cao alikuwa na sehemu ndogo tu ya hiyo. Walikabiliana miezi kadhaa kwenye kambi zao, chakula cha Cao Cao kikaisha kidogo kidogo, naye akawa anafikiria kurudi nyuma. Mshauri wake Xun Yu alimwandikia kutoka Xu amsihi asisogee.

Kisha usiku mmoja akaja Xu You, mshauri wa Yuan Shao aliyekosana na bwana wake. Yeye na Cao Cao walifahamiana tangu zamani. Inasemekana Cao Cao alitoka kumpokea miguu mitupu. Xu You akamuuliza: mmebakiwa na chakula cha muda gani? Akajibiwa, cha mwaka. Akasema si kweli, sema tena. Akajibiwa, cha nusu mwaka. Akamuuliza kama hataki kumshinda Yuan Shao, mbona anaficha. Hapo ndipo Cao Cao alipokiri: cha mwezi mmoja. Xu You akamwambia kwamba nafaka yote ya Yuan Shao iko Wuchao, mwendo wa *li* 40 nyuma ya kambi, na ulinzi wake ni hafifu.

Cao Cao aliondoka usiku uleule na watu 5,000. Walibeba bendera za Yuan Shao, midomo ya farasi imefungwa, kila askari na mzigo wake wa kuni. Waliosimamishwa njiani walijibu kwamba ni wao wametumwa kuimarisha ulinzi wa nyuma. Walipofika waliwasha moto. Kulipokucha jeshi kubwa kuliko yote kaskazini lilikuwa halina cha kula, na majemadari wawili wa Yuan Shao, Zhang He na Gao Lan, wakasalimu amri.

Katika kampeni yako hutaona moto wa Wuchao ukiwaka hivyo, lakini utaweza kufanya jambo lenye matokeo yaleyale: jeshi lako kuu linakaa ndani ya ngome, jeshi dogo la farasi linazunguka na kuchukua mashamba ya adui yasiyo na ukuta.

Nimchukue Kaizari Xian au nimwache?

Mchukue, lakini si mapema. Mwanzoni yuko mikononi mwa Dong Zhuo, na anayemshika kaizari anapata uzito wa kisiasa pamoja na wivu wa kila mtu. Ukiwa na wilaya tatu hutaumudu wivu huo. Ukiwa na kumi, utaumudu.

Katika historia Cao Cao alimchukua mwaka 196, kaizari akiwa kijana aliyekuwa akikimbizwa huku na huko na maofisa wake wakichuma majani ya kula kwenye magofu ya Luoyang. Yuan Shao alishauriwa amchukue kwanza, akaona ni usumbufu. Tangu siku hiyo Cao Cao alitoa amri zake kwa jina la Mwana wa Mbingu, na aliyempinga akaitwa mwasi.

Majemadari wangu wananihama. Nifanye nini?

Angalia kuridhika kwa kila mmoja kila baada ya zamu chache. Wanataka vyeo, wanataka kazi, wanataka kupigana pamoja na watu wanaowapenda, na wanachukia kukaa jeshi moja na mtu wanayemchukia. Mpe mwenye kipaji cheo hata kama hana ukoo. Ndivyo alivyofanya mwenyewe: mwaka 210 alitangaza kwamba watu wateuliwe kwa uwezo wao pekee, tangazo lililowakera sana wenye koo. Zhang Liao, mmoja wa majemadari wake bora, alikuwa mtu wa Lü Bu. Zhang He alikuwa mtu wa Yuan Shao.

Baada ya Guandu alipata barua ambazo watu wake mwenyewe walikuwa wamemwandikia Yuan Shao kwa siri. Alizichoma zote, akisema kwamba wakati ule hata yeye hakuwa na uhakika wa kujiokoa, sembuse wengine. Kwenye gemu, unapogundua jasusi, unayo nafasi ya kuamua namna hiyo pia. Kuua kila mtu ni rahisi, na kunakuachia baraza tupu.

Alikuwa mtu mbaya kweli, au ni riwaya tu imemchafua?

Hili ndilo swali ninalolijali kuliko yote, na naomba lisijibiwe haraka.

Riwaya imemchafua, hilo halina ubishi. Katika opera ya Beijing anapakwa uso mweupe, rangi ya mtu msaliti. Kisa cha Lü Boshe kinaonyesha kazi hiyo ilivyofanywa: Cao Cao akiwa mkimbizi aliwaua watu wa nyumba iliyompokea akidhani wanapanga kumuua. Katika masimulizi ya kale alisema kwa huzuni kwamba afadhali yeye awakosee watu kuliko watu wamkosee yeye. Riwaya ikageuza maneno yawe juu ya dunia nzima, ikaondoa huzuni.

Upande wa pili una vitu vya kweli vya kumpenda. Aliandika maelezo ya kitabu cha vita cha Sun Zi, yanayosomwa hadi leo. Mashairi yake yaliyobaki ni yapatayo 20, na baadhi yanazungumzia mifupa iliyolala nyikani bila kuzikwa, maili kwa maili bila jogoo kuwika. Kuna simulizi kwamba aliamuru askari atakayekanyaga ngano ya wakulima auawe, kisha farasi wake mwenyewe akarukia shambani. Alikata nywele zake kwa upanga na kuzitupa chini kama adhabu, na kwa zama zile nywele zilikuwa sehemu ya mwili uliopewa na wazazi.

Lakini ipo Xuzhou, na hiyo haikutungwa na riwaya. Mwaka 193 baba yake aliuawa na watu waliokuwa chini ya Tao Qian, mtawala wa mkoa huo wa Xuzhou. Cao Cao aliingia huko kulipiza kisasi, na akarudi tena 194. Hakuwaua askari peke yao. Wakulima, wakimbizi waliotoka magharibi wakitafuta usalama, wanawake kwa wanaume walichinjwa, na maandishi yanasema maji ya mto Si yaliziba kwa maiti. Tao Qian mwenyewe hakufa kwa mkono wake. Waliolipa ni watu ambao hawakumjua Cao Song wala kifo chake. Mashamba ya mwaka 196 hayafuti hilo, wala mashairi juu ya mifupa hayafuti, na mimi kila nikiyasoma mashairi hayo nakumbuka kwamba sehemu ya mifupa ile aliilaza yeye.

Gemu inakuonyesha hila zake na inakuachia vita; mauaji ya Xuzhou hayakai mbele ya macho yako. Ukimtumia, soma habari zake kando.

Naweza kupigana vita ya Chibi?

Si kama unavyoiwaza. Mwaka 208 Cao Cao alishuka mto Yangtze na jeshi kubwa lisilozoea maji, lililokuwa na maradhi, na merikebu zake zilizofungwa pamoja zikachomwa na Huang Gai chini ya uongozi wa Zhou Yu, majemadari wa ukoo wa Sun. Gemu hii haina vita vya majini vya kuongoza mwenyewe. Majeshi yakikutana mtoni kompyuta inakokotoa matokeo. Kwa hiyo usivuke Yangtze karibu na jeshi la ukoo wa Sun. Vuka mbali, utue nchi kavu, upigane hapo.

Nyongeza za kulipia zina maana kwa Cao Cao?

Mbili hasa. Mandate of Heaven ya Januari 2020 inakurudisha mwaka 182, kabla ya Vilemba vya Njano. Fates Divided ya Machi 2021 inaanza mwaka 200, Cao Cao na Yuan Shao wakiwa tayari wanatazamana, na imempa mfumo mpya wa hila. Ukinunua moja, nunua hiyo. Eight Princes inahusu miaka ya baada yake, haimhusu yeye. Mwezi Mei 2021 watengenezaji walitangaza kwamba hawataongeza kitu tena, jambo lililowaumiza wengi wetu, kwa hiyo kasoro zilizobaki ndizo hizo. Wachezaji wenyewe wametengeneza marekebisho mengi ya bure yanayozipunguza.

Sina kompyuta. Yupo kwenye simu?

Yupo Rise of Kingdoms, akiwa kamanda wa ngazi ya juu wa wapanda farasi, mwenye mwendo wa kasi na mzuri kwa kuwinda washenzi wa ramani. Ni gemu ya namna nyingine kabisa, ya kujenga mji na kuungana na watu, na inakula fedha ya asiyejizuia. Kampuni ya Koei nayo imekuwa ikitoa michezo ya zama hizi tangu mwaka 1985.

Kwa nini gemu inanilazimisha niwe kaizari wakati yeye hakuwahi kuwa?

Ni kweli. Alikuwa waziri mkuu mwaka 208, mtawala wa Wei mwaka 213, mfalme wa Wei mwaka 216, na akaishia hapo. Alifariki Luoyang mwezi Machi 220, Kaizari Xian akiwa bado kwenye kiti. Mwanawe Cao Pi ndiye aliyekichukua kiti hicho kabla mwaka haujaisha, kisha akampa baba yake jina la kaizari baada ya kifo.

Gemu inakupandisha ngazi kwa ngazi hadi kiti, halafu wababe wawili wengine nao wanajitangaza, na ni lazima uviangushe viti vyao. Jiandae kabla: ngazi ya mwisho ikikaribia, weka majeshi mawili karibu na miji mikuu ya wale unaodhani watajitangaza, na ujaze akiba ya chakula. Rushwa ya maofisa inakua kadiri dola inavyotanuka, kwa hiyo peleka wasimamizi kwenye wilaya tajiri.

Ukiona Cao Cao amezeeka, mweke Cao Pi kuwa mrithi mapema, mpe jeshi na watu wanaompenda, ili siku baba akifa majemadari wasigawanyike.

Nimemaliza na Cao Cao. Nianze na nani sasa?

Yuan Shao, kampeni ya mwaka 200. Utakuwa na kila kitu ambacho Cao Cao hakuwa nacho, na utaona ilivyo kazi kulisha watu wengi kiasi hicho mbali na nyumbani.